Sofia Alikozaliwa na Sofia Aliyezaliwa: Jina Moja kwa Jiji na kwa Mtu

Kuanzia mwaka 2017 hadi 2023 beki wa Slovakia, Milan Škriniar, aliichezea Inter, klabu yenye makao yake Milano. Mahasimu wa Inter katika jiji hilohilo ni klabu iitwayo Milan. Mwandishi wa michezo aliyetaka kichwa cha habari cha maneno matatu alikuwa na viwili halali: "Milan aizuia Milan", ikiwa beki ndiye aliyezima mashambulizi, na "Milan yamzuia Milan", ikiwa yeye ndiye aliyezimwa. Herufi chache zimebadilika, na habari imegeuka.

Majina hayo wala hayana undugu. Milan ya mtu ni jina la Kislavoni lenye mzizi wa neno la upendo, kama kumwita mtoto "mpendwa". Jiji lilikuwa Mediolanum enzi za Warumi, na Waitalia wenyewe huliita Milano. Klabu ndiyo inayoitwa Milan hata kwa Kiitalia, kwa kuwa Waingereza walioshiriki kuianzisha mwaka 1899 waliiandika kwa tahajia ya kwao. Mgongano unatokea tu katika lugha zinazoliita jiji hilo Milan. Anayeandika Milano ameshaondoa nusu ya tatizo kabla hajaanza sentensi.

Mtu akikuta jina la jiji limebebwa na mtu, huuliza: limetoka wapi? Swali hilo linaficha maswali mawili, na makosa mengi yanazaliwa kwa kuyajibu kama moja. La kwanza ni asili ya jina lenyewe. La pili ni sababu ya mtu huyu, au jiji hili, kupewa jina hilo. Chukua Florence. Asili yake ni Kilatini, neno la kuchanua na kustawi, na jina hilo lilitumiwa na watu kwa karne nyingi, wanaume wakiwamo: Florence wa Worcester, aliyefariki mwaka 1118, alikuwa mtawa wa kiume nchini Uingereza. Jiji la Italia lilipata jina lake, Florentia, kutoka mzizi huohuo. Kwa swali la kwanza, basi, jiji na jina la mtu ni ndugu wa baba mmoja, na hakuna aliyemzaa mwenzake. Lakini Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza, aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa katika jiji hilo tarehe 12 Mei 1820. Ushahidi hauko katika jina lake peke yake. Dada yake, aliyezaliwa Napoli mwaka mmoja kabla, alipewa jina Parthenope, jina la kale la makazi ya Wagiriki mahali hapo. Wazazi walikuwa na utaratibu wao, na utaratibu huo ndio unaojibu swali la pili.

Jina lilielekea upande gani

Njia iliyo wazi zaidi ni ile ya mtu kuzaa jiji. Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, alianzisha Alexandria ya Misri mwaka 331 KK (aliita mji mwingine Bucephala kwa heshima ya farasi wake, kwa hiyo wanadamu hawana hati miliki ya jambo hili). Adelaide ya Australia ilipewa mwaka 1836 jina la malkia wa Uingereza wa wakati huo. Sydney ilianza mwaka 1788 kwa heshima ya waziri, Lord Sydney, na hapa pana jambo la kuzingatia: waziri huyo alizaliwa Thomas Townshend, na Sydney ilikuwa sehemu ya cheo chake cha ukabaila. Anayesema jiji limeitwa kwa "jina la kwanza la waziri" amekosea, japo leo Sydney ni jina la kwanza la watu wengi.

Njia ya pili ni jiji kumpa mtu jina. Mara nyingi sababu ni mahali pa kuzaliwa au mapenzi ya wazazi kwa jiji fulani. Wakati mwingine ni imani, kama ilivyo kwa wanawake Waislamu wanaoitwa Madina. Jihadhari lakini na jina la ukoo Medina la Wahispania. Hispania yenyewe ina miji kadhaa yenye jina hilo, kama Medina del Campo, ambayo ililipata kutoka neno la Kiarabu la mji wakati wa utawala wa Waislamu. Mtu anayeitwa Medina huenda ukoo wake unatoka huko, si Hijazi, eneo la Arabuni lenye mji wa Madina.

Majina ya ukoo ndiyo yanayochosha, kwa sababu huzunguka. Lincoln ya Uingereza ni mji wa Kirumi, Lindum Colonia, uliofupishwa na ndimi za watu. Wenyeji waliohamia kwingine wakaitwa kwa jina la walikotoka, likawa jina la ukoo. Ukoo huo ukavuka bahari na kumzaa Abraham Lincoln. Mwaka 1867 mji uliokuwa ukiitwa Lancaster, katika jimbo la Nebraska, ukapewa jina Lincoln kwa heshima yake. Mji, mtu, mji. Houston imezunguka zaidi: mtu aitwaye Hugh aliacha jina lake kwa kijiji huko Uskoti, kijiji kikatoa jina la ukoo, ukoo ukamtoa Sam Houston, naye mwaka 1836 akawa chanzo cha jina la jiji la Texas. Washington ni hivyohivyo: kijiji cha Uingereza, kisha familia, kisha George Washington, kisha jiji kuu la Marekani lililopewa jina mwaka 1791. Siku hizi wapo wanaume wa Brazil na Uruguay ambao Washington ni jina lao la kwanza. Ukiulizwa kama Washington ni jina la mtu au la mahali, jibu la kweli ni kwamba inategemea umesimama kwenye kituo kipi cha safari.

Njia ya tatu ni chanzo cha pamoja. Salvador ya Brazil, iliyoanzishwa mwaka 1549, na wanaume waitwao Salvador wote wanarejea kwa Yesu, Mwokozi. Santiago ya Chile, ya mwaka 1541, na watoto waitwao Santiago wanarejea kwa Mtakatifu Yakobo. Hapo hakuna haja ya kuuliza nani alimwita mwenzake.

Ya nne ni sadfa tupu, na hudanganya kuliko zote kwa sababu tahajia hulingana kabisa. Nancy ni jiji la Ufaransa. Jina la mwanamke Nancy limetokana na vifupisho vya Kiingereza vya Agnes na Ann. Paris imetokana na Waparisii, kabila la Wakelti waliokaa kando ya mto Seine, na Warumi waliuita mji huo Lutetia. Paris mwana wa mfalme wa Troya ni wa visa vya Wagiriki. Waandishi wa Enzi za Kati waliwaunganisha wawili hao, jambo lililopendeza watawala waliotaka asili tukufu, na masimulizi hayo bado huokotwa na watu wasiochunguza.

Kuchunguza kwenyewe kunaanza na mwaka ambao jiji lilianza kuitwa hivyo, ambao si lazima uwe mwaka wa kuanzishwa. Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, ulikuwa Serdica kwa Warumi na Sredets kwa Waslavoni. Jina la sasa lilishika kuanzia karne ya 14, kutoka kanisa la kale la Mtakatifu Sofia. Kisha tafuta kama jina la mtu lilikuwapo kabla ya mwaka huo. Halafu linganisha jina la jiji kwa lugha ya wenyeji wake: Milano na Milan zikipishana, shuku sadfa. Kipimo hiki cha mwisho kinahitaji uangalifu, kwani Firenze na Florence hupishana zaidi na bado zina mzizi mmoja. Usikitumie peke yake.

Na kwa mtu mmoja mmoja, hakuna kipimo kinachoshinda kumbukumbu za familia. Mtunzi wa nyimbo Irving Berlin hakuwa na uhusiano na jiji la Berlin kupitia jina hilo. Alizaliwa Israel Beilin, na jina lake lilibadilika akiwa Marekani. Kadhalika aliyeitwa Alexandria huko Virginia si lazima aunganishwe na mfalme wa Makedonia, maana mji wa Alexandria wa Virginia, wa mwaka 1749, ulipewa jina la familia ya Alexander iliyomiliki ardhi pale.

Sofia inastahili neno zaidi, kwani hapo hata wenyeji huchanganya. Kanisa liliwekwa wakfu kwa hekima ya Mungu, ambayo kwa Kigiriki ni sofia; halikuwekwa kwa mwanamke. Lakini yupo pia shahidi mtakatifu aitwaye Sofia, mama wa mabinti watatu, na siku yake, 17 Septemba, ndiyo siku ya jiji. Katikati ya jiji, pale ilipokuwa sanamu ya Lenin, sasa imesimama sanamu ya mwanamke, na wageni wengi huondoka wakiamini ni yeye aliyeupa mji jina. Kibulgaria chenyewe kina dawa, ila husikika tu na haionekani katika maandishi ya kawaida: jina la jiji hukazwa silabi ya kwanza, SOfia, na la mwanamke silabi ya pili, soFIa.

Kiswahili kinavyotenganisha

Kiswahili hakina tofauti hiyo ya mkazo, lakini kina kitu chenye nguvu zaidi, upatanisho wa ngeli. "Sofia amepokea wageni" ni mtu. "Sofia imepokea wageni" ni jiji. Hakuna haja ya mabano wala maelezo. Vivyo hivyo kwa mtendwa: "namkumbuka Sofia" na "naikumbuka Sofia". Na kwa kuwa mtu huhitaji kiambishi chake ndani ya kitenzi, hata "nakumbuka Sofia", bila kiambishi, humsukuma msomaji afikirie jiji.

Mwendo nao hutofautisha. "Ninakwenda Sofia" ni safari ya mjini. "Ninakwenda kwa Sofia" ni kumtembelea mtu. "Nimetoka Sofia" na "nimetoka kwa Sofia" ni hivyohivyo. Virejeshi ndivyo vikali kuliko vyote: "Sofia alikozaliwa mshairi huyu" ni mahali, "Sofia aliyezaliwa mwaka huo" ni mtu, na tofauti yote imekaa kwenye silabi moja katikati ya neno. Mhariri anayepitia maandishi haraka hukosa kosa la aina hii kwa urahisi, kwani jicho husoma jina lenye herufi kubwa na kuruka kitenzi.

Jina la jiji likisimama peke yake, upatanisho wa kawaida ni wa i-: Sofia imekua, Sofia inavutia. Wengine huandika "Sofia umekua" wakiwa na neno mji kichwani. Yote yanaeleweka, mradi makala ishike mmoja. Ukitanguliza neno, lifuate: jiji la Sofia limekua, mji wa Sofia umekua. "Jiji la Sofia umekua" ni kosa, na hutokea zaidi mtu anapobadilisha mji kuwa jiji wakati wa kuhariri akasahau kitenzi kilicho mistari miwili mbele.

Sehemu ambazo sarufi haisaidii ndizo za kukariri, kwa sababu hapo mwandishi lazima aongeze neno. Vimilikishi havina msaada wowote: "historia yake" yaweza kuwa ya mtu au ya jiji. Kiunganishi cha -a ni hivyohivyo. "Watu wa Sofia" wanaweza kuwa wakazi au jamaa zake. Andika wakazi, au andika jamaa. "Kwa" nayo, iliyotusaidia kwenye mwendo, huanguka katika "umuhimu wa reli kwa Sofia", ambapo jiji linaingia bila shida. Mtenda wa kauli ya kutendwa hana kiambishi, kwa hiyo "aliteuliwa na Washington" inaacha swali: bwana Washington, au serikali ya Marekani? Vichwa vyenye kitenzi-jina ni hatari kuliko vyote. "Kuanguka kwa Sofia" inaweza kuwa habari ya vita au ya ngazi zenye utelezi. Geuza kiwe na kitenzi hai: "Sofia yaanguka", "Sofia aanguka".

Vivumishi vingi hutofautisha: Florence mkongwe ni mtu, Florence kongwe ni jiji. Baadhi havitofautishi, kama "mpya", ambayo ina umbo moja katika ngeli zote mbili. "Sofia mpya" haitaeleweka mpaka kitenzi kifike.

Kuna tabaka jingine, jiji linapowakilisha serikali au klabu. "Washington imekanusha" haizungumzii majengo wala barabara. Kiswahili huweka maana hiyo pamoja na jiji, katika i-, na hilo linatosha kumtenga mtu. Lakini halitengi jiji na serikali yake, wala Milan klabu na Milan jiji. Hapo lugha imefika mwisho wa uwezo wake. Andika "klabu ya Milan" mara ya kwanza, kisha endelea.

Kuhusu tahajia, ushauri ni kuchagua umbo la jiji linaloachana na jina la mtu kila lilipo: Milano, Firenze. Gharama yake ni kwamba ukiandika Florence Nightingale alizaliwa Firenze, uhusiano wa majina umepotea. Sentensi moja inatosha kuurudisha: jiji hilo kwa Kiingereza huitwa Florence, na ndilo lililompa jina. Usibadilishe kwa amri ya tafuta-na-ubadilishe bila kuangalia kila mahali, maana kompyuta itakupa "Firenze Nightingale" na haitakuomba radhi.

Katika kumbukumbu, faharasa na kompyuta

Anayetunza orodha za majina hana sentensi za kumsaidia. Ana maneno yaliyosimama peke yake kwenye visanduku. Kanuni ya msingi ni kumbukumbu moja kwa kitu kimoja. Jiji liwe na yake, jina la kwanza liwe na yake, jina la ukoo liwe na yake, na uhusiano kati yao uandikwe kama uhusiano. Wikidata, hifadhi huria ya data mtandaoni, hufanya hivyo: jiji la Paris lina namba Q90, jina la kwanza Paris lina kumbukumbu tofauti, na uhusiano wa kitu kuitwa kwa jina la kingine una namba P138. Kosa la mara kwa mara ni kujaza Q90 kwenye sehemu ya jina la kwanza la mtu. Kwa macho ya binadamu yote yanasomeka "Paris", lakini mtu huyo hataonekana tena kwenye orodha ya walio na jina hilo.

Miji ya biashara na usafiri ina misimbo ya Umoja wa Mataifa yenye herufi mbili za nchi na tatu za mahali: BGSOF kwa Sofia, AUSYD kwa Sydney, FRPAR kwa Paris, ITMIL kwa Milano. Safuwima ya msimbo kando ya jina huondoa mgongano wote, na pia hutenga miji yenye jina moja, maana Paris nyingine ipo Texas. Kwa watu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki hufanya kazi hiyohiyo.

Majedwali yanayohifadhiwa kwa kutenganisha kwa mkato yana mtego wake. Mstari huu una safuwima ngapi?

Florence,Nightingale,1820,Florence, Italia

Mwandishi alikusudia nne: jina, ukoo, mwaka, mahali. Kompyuta inaona tano, na mkato wa ndani ya "Florence, Italia" unaisukuma Italia kwenye safuwima isiyo yake. Kwa kuwa safuwima ya mahali bado ina neno Florence, ambalo linakubalika kama jina, ukaguzi wa haraka hauoni kasoro. Zungushia thamani yote alama za mtajo, "Florence, Italia", au tenga nchi iwe na safuwima yake. Njia ya pili ni bora, kwani hairudi tena kukusumbua.

Programu zinazosoma maandishi na kuweka lebo za mtu, mahali na shirika hutegemea maneno ya jirani: vyeo, vitenzi, vihusishi. Baadhi hufuata pia dhana kwamba jina likishakuwa na maana moja ndani ya andiko, litabaki nayo hadi mwisho. Dhana hiyo hufaa mara nyingi, lakini wasifu wa Florence aliyezaliwa Florence huivunja katika aya ya kwanza. Udhaifu mwingine ni kupendelea jiji kubwa lenye jina hilo, hata andiko likiwa linazungumzia mji mdogo au mtu. Katika utafutaji, mpangilio wa maneno ukipuuzwa, Paris Hilton mtu na hoteli ya Hilton ya Paris huja pamoja. Weka maneno ndani ya alama za mtajo ili mpangilio uheshimiwe.

Mwisho ni upangaji wa faharasa. Kanuni ya zamani ya maktaba kwa maneno yanayofanana ilikuwa mtu kwanza, kisha mahali, kisha kitu, kisha kichwa cha kitabu. Kompyuta inayopanga kwa namba za alama haijui hilo. Katika mfumo wa ASCII, unaoipa kila alama namba yake, nafasi tupu ni 32 na mkato ni 44, kwa hiyo "Lincoln (Uingereza)" itatangulia "Lincoln, Abraham", na mahali pamemshinda mtu bila mtu yeyote kuamua hivyo. Programu nyingine hupuuza alama na kulinganisha herufi tu, na hapo Abraham anarudi juu kwa sababu ya A yake. Faharasa moja ikipitia programu mbili hutoka na mpangilio wa aina mbili. Anayetaka mpangilio wa zamani aongeze safuwima iliyofichwa yenye 1 kwa mtu, 2 kwa mahali, 3 kwa kitu na 4 kwa kichwa, kisha apange kwa neno lenyewe bila maelezo yake, halafu kwa safuwima hiyo, na maelezo yaje mwisho.